Ukija Mtwara usije kwa ajili ya bichi tu: maelekezo ya mwenyeji

Kila mwaka napokea wageni, na kila mwaka lazima atokee mmoja wa kuniuliza siku ya pili tu, "sasa huku mtu anaenda wapi?" Simlaumu. Mtwara ukishuka stendi, ukapanda bajaji ukazunguka dakika ishirini, unaona barabara pana kama za kutua ndege, nyumba moja hapa, nyingine kuleee, katikati nyasi na mikorosho, mpaka unajiuliza huu mji waliujenga wakasahau kuumalizia au? Ndo hivyo hivyo. Waliusahau kuumalizia, na kisa ni karanga. Ukijua hiyo stori ya karanga, ukaijua na ya korosho, utaona mji mwingine kabisa. Usipoijua utapiga picha mbili za bahari, utarudi Dar ukawaambie watu kusini hakuna kitu, na sisi tutakusikia.

Kwanza lini uje. Watu wengi wanakuja Desemba kwa sababu ya likizo, sawa, ila mimi nakwambia njoo kati ya Oktoba na Novemba mwishoni. Ndo msimu wa korosho umechanganya, maembe yanaanza, mvua bado haijashika, mji una hela na watu wana furaha. Ukija Juni mpaka Agosti kuna kaupepo kazuri, joto limepungua, ila mikorosho ndo kwanza inatoa maua na wakulima wako bize kupulizia salfa kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga, utaona miti imejaa unga kama imepakwa poda. Pazuri kuangalia, kuvuta hewa yake siyo kuzuri, njoo na kitambaa cha kuziba pua. Kuanzia Januari hadi Aprili ni mvua, na hapo shida siyo Mtwara, shida ni barabara. Mei 2024 kile kimbunga Hidaya kilikata barabara pale Somanga, mabasi yakalala njiani, watu wakala biskuti siku nzima. Kwahiyo ukija masika acha siku mbili za akiba, usiniambie una mkutano kesho yake.

Ila kuja Oktoba kuna gharama yake: gesti zinajaa. Wanunuzi wa korosho, madereva wa malori, watu wa maghala, wote wanataka kulala. Wifi yangu alikuja mwaka fulani kutokea Shinyanga, nikamlipia lodji moja hapa mjini advansi kabisa kwa simu, meseji ya muamala ninayo, tunafika saa mbili usiku tunaambiwa chumba kimepewa mtu "amekaa wiki mbili na analipa keshi". Hela ilirudi baada ya siku kumi na simu kama arobaini. Wifi akalala sebuleni kwangu na watoto wakamgeuza godoro. Kwahiyo piga simu siku mbili kabla, piga tena asubuhi ya safari, na mkishaongea mwambie akutumie namba ya chumba. Siyo ushamba, ni uzoefu.

Njia. Kutoka Dar ni kama kilomita 560, lami yote, basi linatumia masaa nane mpaka kumi ikitegemea na dereva na mizani. Mnapita Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, mnavuka Rufiji kwenye daraja la Mkapa ambalo limefunguliwa 2003. Waulize wazee kabla ya hapo walikuwa wanasafirije, utapewa stori ya pantoni, tope, na kulala Ndundu siku tatu. Halafu Somanga, Nangurukuru ndo njia panda ya Kilwa, halafu Lindi. Ukitoka Lindi mnafika Mingoyo, barabara inagawanyika, kulia unaenda Masasi, ukinyoosha ni Mtwara. Vijana watakimbilia dirishani na korosho kuanzia Mkuranga huko, nunua kapakiti kamoja ka kutafuna, usinunue za kupeleka nyumbani, nitakwambia mbele za kununua wapi. Ndege pia zipo kama mfuko unaruhusu, ila ukija na ndege huoni mashamba, unaona mawingu.

Sasa hiyo karanga. Vita vya pili vya dunia vimeisha, Waingereza wana njaa ya mafuta ya kula, 1947 wakaanzisha mradi mkubwa wa kulima karanga Tanganyika, sehemu tatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Nachingwea ndo huku kwetu, iko mkoa wa Lindi. Karanga zitatokaje Nachingwea mpaka Uingereza? Ndo wakaja kuiangalia Mtwara. Wakati huo Mtwara siyo mji, mji ni Mikindani, na makao makuu ya jimbo yako Lindi. Ila Mtwara ina ghuba ya maji marefu, meli kubwa inaingia inagusa gati. Wakachora mji, wakapima viwanja, barabara pana, wakajenga bandari na reli. Kule shambani matrekta mengine yalikuwa vifaru vya vita vimegeuzwa kung'oa visiki, vipuri hakuna, udongo haukupimwa vizuri, mvua nayo ikafanya inavyotaka. Kufika 1951 mradi umekufa, umekula karibu pauni milioni 36. Bandari ikaisha kujengwa karanga hazipo. Reli ikang'olewa miaka ya 60 mwanzoni. Tukabaki na bandari nzuri na barabara pana za mji ambao haukuja. Makao makuu yalihamishwa kutoka Lindi kuja huku, na watu wa Lindi hawajatusamehe mpaka leo, wakikwambia Mtwara ni kijiji chenye lami jua ni hilo.

Kwahiyo siku ya kwanza usikimbilie bichi ya Msimbati. Chukua bajaji jioni jua likipoa, mwambie akuzungushe Shangani, ashuke mpaka mnapoona bandari, apite Ligula, arudi Chikongola mpaka Sabasaba sokoni. Patana bei kabla hujapanda, na mpatane ya mzunguko mzima siyo ya kituo kwa kituo. Angalia upana wa zile barabara halafu angalia watu waliopo. Ukifika bandarini usipige picha getini, wewe simama mbali tu uangalie malori. Kama ni msimu utaona foleni ya malori yamefunikwa maturubai, hizo ni korosho, ndo zilizokuja kuchukua nafasi ya karanga. Hizi siku wanaongezea na makaa ya mawe kutoka Ruvuma, na gati limeongezwa, ila mwenyewe wa bandari hii kwa sisi ni korosho.

Ukishuka upande wa feri kuna pantoni inavusha watu kwenda Msangamkuu, ng'ambo tu hapo, dakika chache. Msanga ndo mchanga, huku sisi "ch" inatuponyoka, na "m" inageuka "n", utasikia watu wanasema Ntwara. Wasikuchekeshe, na wewe usiige, kuna watu wanajifanya wanaongea kama sisi, "njomba njomba" nyingi, inachosha. Mtu akikuita mjomba kwa heshima itikia vizuri, maana kwa Wamakonde, Wayao na Wamwera ukoo unafuata upande wa mama, mjomba ndo mtu wa kuamua mambo, siyo jina la kuitia konda. Na ukisikia "Mtwara kuchele" ujue wanasema kumekucha.

Siku ya pili nenda Mikindani. Ni kama kilomita kumi na moja tu, daladala zipo muda wote, bajaji pia. Nenda asubuhi kabisa, saa moja hivi, na vaa nguo ya kufika magotini kwenda chini, mama zangu chukueni kanga, ule ni mji wa zamani wa Kiislamu, watu wake wapole lakini wanaona. Barabara inashuka, ghuba inajitokeza ghafla, maji yametulia kama ya kwenye beseni, mitumbwi imelala pembeni, mibuyu, na nyumba za mawe ya matumbawe. Wazee wanasema jina limetoka kwenye mikinda, minazi michanga. Hapa ndo misafara ilikuwa inafika kutoka upande wa Ziwa Nyasa na pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo, wakapakiwa kwenye majahazi. Kuna jengo wanaliita soko la watumwa, lipo hapo hapo chini, ukifika punguza makelele kidogo, siyo sehemu ya selfi za kucheka.

David Livingstone alipita Mikindani 1866 akianza ile safari yake ya mwisho ya bara, hakurudi mzima, alikufa 1873 huko ambako leo ni Zambia. Kuna nyumba ina kibao kinasema inasadikika alikaa hapo. Inasadikika, sawa. Mimi huwa nawaonyesha wageni mlango wa hiyo nyumba zaidi ya kibao. Milango ya Mikindani ndo kitu, mingine imechongwa maua pembeni, mingine imepigwa misumari minene, mingine mwenye nyumba ameng'oa ameweka geti la chuma la bluu kwa sababu mchwa wamemshinda, na unamwelewa. Tembea vichochoro vile taratibu, ukiona kibaraza kuna mzee amekaa mwamkie shikamoo, usianze na picha. Ukiamkia vizuri utaitwa, utapewa stori bure ambayo hakuna mwongoza watalii atakupa. Mimi mmoja aliwahi kunionyesha kwenye ukuta wa nyumba uliobomoka, ndani kumetoka boriti za mikoko, nyeusi, ngumu, akanigongesha kwa ufunguo zikalia kama chuma, akasema "hii imenikuta, na itanizika".

Halafu panda kilimani kwenye Boma. Wajerumani walilijenga 1895, lilikaa likachakaa, baadaye wakaja watu wa shirika la Trade Aid la Uingereza wakalifufua, sasa ni hoteli. Hulazimiki kulala, omba chai au juisi ukae barazani, na waombe upande juu uione ghuba yote. Ukiwa pale juu utaelewa kwanini waliochagua Mtwara waliiacha Mikindani: mlango wa ghuba mwembamba, jahazi linapita vizuri, meli ya karanga haipiti. Mji mmoja ukabaki na historia, mwingine ukabaki na bandari, na manispaa ikaunganisha majina, Mtwara Mikindani.

Siku ya tatu ndo ya shamba, na hii ndo wengi wanairuka.

Mkorosho siyo mti wa kwetu asili, Wareno ndo waliuleta pwani hii karne ya 16 kutoka Brazili, lakini leo huku mtu anahesabu mali yake kwa mikorosho, anarithisha mikorosho, anaoa kwa mikorosho. Tafuta mwenyeji, hata mwenye gesti atakuwa na shamba au shangazi mwenye shamba, mwombe twende wote asubuhi kuokota. Usiingie shamba la mtu peke yako, msimu huu mtu yoyote asiyejulikana chini ya mkorosho ni mwizi mpaka athibitishe vinginevyo. Mkifika utaona bibo, tunda la mkorosho, linaning'inia, jekundu au la njano, na korosho yenyewe ipo chini yake nje, kama figo imebandikwa. Hazichumwi, zinaokotwa zikishadondoka zenyewe, unanyonga korosho unaitoa kwenye bibo, unaweka kwenye ndoo, unainama tena. Jaribu nusu saa tu. Mgongo utakwambia bei ya korosho ni halali.

Bibo kula, ila kula umeinama na kula na chumvi, maana linakaba koo. Na usivae nyeupe! Yule yule wifi yangu aliyelala sebuleni, asubuhi akaamka akavaa gauni jeupe la kitenge cha harusi, nikamwambia, akasema nitakuwa makini. Bibo la kwanza tu limempasukia kifuani. Maji yake yanaonekana kama siyo kitu, yakikauka yanakuwa doa la kahawia, tumeloweka, tumetia jiki, tumetia ndimu, lile gauni sasa hivi ni la kupikia. Mabibo mengine yanakaushwa, mengine yanatengenezwa uraka, pombe tamu tamu ya kienyeji, inapita kama juisi halafu miguu inakukataa. Ile iliyochemshwa na kukingwa kwa bomba achana nayo kabisa.

Mbali na shamba, omba ukaone mama wanavyobangua kwa mikono. Kuna mama mmoja jirani yangu anatumia karai kuukuu lililotobolewa matundu na msumari, analiweka kwenye mafiga matatu, moto mkali, korosho zinaanza kutoa mafuta, mafuta yanashika moto, karai lote linawaka, moshi mweusi unaowasha macho mpaka kuku wanahama. Yeye amesimama na mti mrefu anageuza. Kwa jicho tu anajua sasa, anapindua karai mchangani, anazizima kwa mchanga. Zikipoa anakaa chini, anapaka majivu vidoleni ili mafuta ya ganda yasimuunguze, anaisimamisha korosho kwenye jiwe, anagonga mara moja ubavuni kwa kirungu, tak, ganda linaachia, kiini kizima. Mimi nikigonga inatoka unga. Vidole vyake vina weusi ambao hautoki hata kwa sikukuu. Sasa ukirudi mjini ukaona mtu anabishana bei ya pakiti utamwangalia vibaya, na ni sawa.

Mkiwa huko ulizia kama kuna mnada karibu. Korosho ghafi haziuzwi hovyo, tangu 2007 kuna mfumo wa stakabadhi ghalani: mkulima anapeleka kwenye chama chake cha msingi cha ushirika, zinapimwa, zinapangwa daraja, zinaingia ghala kuu, halafu wanunuzi wanashindana bei mbele ya wakulima. Siku hizi zabuni zinapita kwenye mtandao, kwahiyo usitegemee kuona watu wanapigiana kelele za bei, ila kelele utazisikia bei zikisomwa, ikiwa ndogo wakulima wanagoma hapo hapo. 2018 ilifika pabaya, bei zikakataliwa, Rais Magufuli akasema serikali inanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kilo, wanajeshi wakaja na malori kubeba. Muulize mkulima yoyote kuhusu mwaka huo, kisha usikae na haraka. Zile stori za mbuzi kununuliwa soda msimu wa hela utazisikia kwenye daladala, cheka tu.

Kuhusu msosi sitasema mengi, samaki wa nazi na pweza utawapata bila mimi. Mimi nakuomba ule vitu viwili: ugali wa muhogo na kisamvu, na ming'oko. Ming'oko ni viazi vya porini vyembamba, wamama wanavichimba, vinachemshwa muda mrefu, vinauzwa jioni barabarani na chumvi na pilipili, unamenya unakula huku unatembea. Uliza tu "ming'oko wapi", utaonyeshwa.

Ukibakiwa na siku, Msimbati nenda, siikatazi, bichi yake ndefu na mchanga mzuri, ipo ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma, kwahiyo kuna kiingilio. Ni kama kilomita 45, mchanga mwingi, gari dogo litakwama. Mnapita Madimba kwenye mitambo ya gesi, simu weka mfukoni. Na kuogelea angalia sana, maji yanazama ghafla karibu na ufukwe. Ukiwa na siku mbili panda Newala, juu ya uwanda wa Makonde, kuna sehemu inaitwa Shimo la Mungu, unasimama ukingoni unaona bonde la Ruvuma lote na Msumbiji ng'ambo, baridi yake usije na kandambili.

Sasa korosho za kupeleka nyumbani. Nunua siku ya mwisho, kwa aliyebangua mwenyewe au sokoni Sabasaba, onja kwanza, nzuri inavunjika kavu, ikijipinda kama mpira imekula unyevu. Zikiwa nzima nzima nyeupe bei inapanda, zilizovunjika ni rahisi na utamu ni ule ule, kama ni za kutia kwenye wali au mchuzi chukua hizo. Weka kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, siyo mfuko laini, za mfuko zikifika Dar ni unga. Na akija kijana stendi anakunong'oneza ana korosho za maganda bei chee, kwenye bakuli la kupimia, hiyo ndo kangomba, korosho ghafi zinazopita nje ya ule mfumo wa ghala, anamuumiza mkulima na wewe utaenda kujieleza barabarani. Mwambie asante, ondoka.

Basi la kurudi linatoka alfajiri saa kumi na mbili au kabla. Kata tiketi jana yake na omba siti ya dirishani upande wa kulia, maana mkifika Mikindani jua ndo linatoka na ghuba ipo upande huo. Konda atakwambia kulia kuna jua. Mwambie unajua. Ukishapita kilima hapo lala.